Jiwe ama mnyama: somo la kisiwa cha Chumbe katika darasa la Salamabila

SALAMABILA, Kabambare – Mwalimu wa biolojia alichora kitu kwenye ubao kwa chaki nyeupe, kitu kama kichaka kisicho na majani, halafu akauliza darasa ni nini. Ilikuwa siku ya mvua, na mabati yalikuwa yakipiga kelele mpaka wanafunzi wa nyuma hawakusikia swali. Wa mbele walijibu. Mmoja alisema ni mti uliokauka. Mwingine alisema ni pembe ya mnyama wa pori. Kijana mmoja, ambaye siku za mapumziko anashuka kuchimba dhahabu pamoja na kaka yake, aliangalia kwa muda, akasema: "Mwalimu, hii iko jiwe."

Hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Kule Unguja, katika Bahari ya Hindi, watu walisema hivyohivyo miaka mingi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na wavuvi wanapita juu ya matumbawe kila siku kwenda kutafuta samaki. Lakini mwaka wa 1991, wakati Mjerumani mmoja, mama Sibylle Riedmiller, alipoanza kutafuta njia ya kuhifadhi kisiwa kidogo cha Chumbe, alikuta matumbawe yanatajwa kama mawe na miamba tu, hata kwa watu waliosoma. Na jiwe halidai kitu. Ukilitupia nanga, halilii. Ukilipiga kwa mti ili samaki watoke, hakuna atakayesema umeua. Ukilipua baruti, unahesabu samaki walioelea juu, basi.

Mwalimu wa Salamabila aliwaambia wanafunzi kwamba kile alichochora ni mnyama. Si mnyama mmoja, ni maelfu ya wanyama wadogo waliokaa pamoja kama nyumba za kambi, kila mmoja na mdomo wake, na kila mmoja anajenga ukuta wake wa chokaa. Ndani ya mwili wao kunaishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayopika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba. Maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi, mimea hiyo inatoka, na tumbawe linabaki jeupe kama mfupa. Joto likidumu, linakufa. Ilitokea mwaka wa 1998, ikatokea tena 2016, na bahari ya Unguja haikuachwa.

Msichana aliyekaa karibu na dirisha akauliza: "Inakuliwa?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema ni swali la mtu mwenye akili, kwa sababu katika nchi hii ukitaka kujua kama kitu kitabaki ama kitaisha, hilo ndilo swali la kwanza.

Habari za Chumbe mwalimu alizipata kwenye simu, usiku, wakati mtandao unapokuwa mwepesi. Picha alizinakili kwa penseli kwa sababu shule haina mashine ya kuchapa. Wenzake walimuuliza kwa nini anawasumbua watoto na kisiwa kilicho zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, wakati mtihani wa taifa hautauliza. Jibu lake lilikuwa fupi: Unguja si ugenini kwa watu wa Maniema ya kusini. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alitoka Unguja akaweka makao yake Kasongo. Lugha ambayo mama wa Salamabila anauzia sombe sokoni ilipanda na misafara hiyo, pamoja na mpunga, na kanzu za siku ya Idi. Ni kweli pia kwamba misafara hiyohiyo ilirudi pwani na pembe za tembo na watu waliofungwa shingo, na hakuna sababu ya kulificha hilo mbele ya watoto. Lakini njia ilikuwepo. Kama zamani ilipitisha minyororo, leo inaweza kupitisha somo.

Na somo lenyewe ni hili. Chumbe ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, urefu wake kama kilomita moja na kitu, kiko kama kilomita 12 kutoka mji wa Unguja. Hakina mto wala kisima cha maji matamu. Waingereza walijenga mnara wa taa pale mwaka wa 1904 ili meli zisigonge miamba, na kwa muda mrefu hakukuwa na watu wengine isipokuwa walinzi wa mnara. Wanajeshi pia walikuwa na mambo yao katika eneo hilo, na wavuvi hawakuruhusiwa kusogea ovyo. Kwa sababu hiyo, bila mtu kupanga, mwamba wa upande wa magharibi ulibaki mzima wakati sehemu nyingine za pwani zilikuwa zikivunjwa. Mwaka wa 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba ule na msitu wa kisiwa kuwa hifadhi. Leo wanahesabu pale aina zaidi ya 400 za samaki.

Sehemu iliyowafanya wanafunzi wa Salamabila wanyamaze si hesabu ya samaki. Ni walinzi. Wale waliochukuliwa kulinda kisiwa walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, watu waliokuwa wakivua maji yaleyale. Walifundishwa majina ya samaki na matumbawe, kuogelea na wageni, kuandika katika daftari. Hawakupewa bunduki. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka, mlinzi anamwendea kwa mashua, anamsalimia, anamweleza kwa nini pale hapavuliwi, anaandika siku, saa, aina ya chombo na aina ya nyavu. Mara nyingi mvuvi huyo ni shemeji yake, ama mtoto wa shangazi. Mwanzoni wavuvi walilalamika kwamba wamenyang'anywa bahari. Baadaye baadhi yao walianza kusema kwamba karibu na mpaka wanapata samaki wengi kuliko zamani, maana samaki wakizaana ndani hawajui mpaka, wanatoka.

"Bila bunduki?" aliuliza yule kijana wa dhahabu.

"Bila bunduki."

Hapa mtu wa nje anaweza kupita haraka, lakini mtu wa Salamabila hawezi. Watoto wa darasa hilo wamekua wakijua kwamba kila kitu chenye thamani kina mwenye silaha pembeni yake: mgodi una askari, pori lina Mai-Mai, barabara ina kizuizi. Wengi wao wamelala porini zaidi ya usiku mmoja. Kuwaambia kwamba kuna mahali ambapo mali inalindwa na mtu mwenye daftari na kofia ni kama kuwasimulia hadithi za sungura. Na kusema ukweli, Chumbe si Kabambare. Kule kuna serikali inayosikika, kuna watalii wanaolipa kulala katika vibanda saba vya makuti, na fedha hizo ndizo zinazolipa walinzi na mashua. Mtu asije hapa akasema tufanye kama Chumbe kesho asubuhi.

Lakini fedha za watalii zinalipa pia kitu kingine, na hapo ndipo shule inapoingia. Wanafunzi wa Unguja na walimu wao wanapelekwa kisiwani kwa mashua kujifunza. Wanafika asubuhi, wengine wanatapika njiani kwa mawimbi, wengine wanaimba. Wakifika wanagawanyika. Kundi moja linafuata njia ya msituni, jingine linakwenda kwenye madimbwi ya mwambani maji yanapokupwa, jingine linavaa miwani ya majini na kuingia baharini pamoja na mlinzi. Wasichana wengi wanaingia na hijabu na nguo zao ndefu, na wengi hawajawahi kuogelea maisha yao yote, ingawa wamezaliwa wakisikia bahari usiku. Mtoto anashika boya, anaingiza uso majini. Kile alichoambiwa ni jiwe anakikuta kina rangi, kina samaki wanaoingia na kutoka kama watu wa soko.

Wanafunzi wakubwa, wa vyuo, wanabaki siku nyingi zaidi. Unguja kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuna vijana wa vyuo vya Marekani wanaokuja kila mwaka kwa mpango uitwao SIT, wanajifunza mazingira ya pwani na mwishoni kila mmoja anafanya utafiti wake kama mwezi mmoja. Kazi yao ukiiona si ya kushangaza. Wanalaza kamba ya mita juu ya mwamba na kuandika kila kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Wanaweka fremu ya mraba juu ya majani ya bahari na kuhesabu kilichomo. Usiku kazi inahamia msituni, kwa tochi, kutafuta kaa wa minazi, yule mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, anayepanda miti na kuvunja nazi kwa magando yake. Mwaka unaofuata mtu mwingine anarudi mahali palepale na kamba ileile. Thamani yote iko katika kurudi. Hesabu ya mara moja ni picha tu. Hesabu ya mara kumi inasema kama nyumba inajengwa ama inabomoka.

Kuna lawama moja ya haki. Ripoti nyingi za wanafunzi hao zimeandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi aliyewabeba kwenye mashua na kuwaonyesha mahali samaki wanapolala hawezi kuzisoma. Maniema inaujua ugonjwa huo kwa Kifaransa.

Tukirudi kwenye kisiwa, kuna jambo jingine lililowafanya wazazi wa hapa wasikilize zaidi kuliko watoto. Karibu na Pemba kuna kisiwa kingine, Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale, akawaomba wavuvi msala wa kuswalia. Hawakuwa nao. Akasema basi, kisiwa hiki kitakuwa msala wangu. Pale wavuvi walikuwa wakitumia baruti, na sheria za serikali hazikuwazuia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahifadhi waliamua kukaa na masheikh na kufundisha kwa Kurani: kwamba mwanadamu ni mwangalizi wa viumbe, si mwenye mali, na kwamba kuharibu kwa kupita kiasi ni israfu. Wapo wavuvi waliosema sheria ya serikali wanaweza kuikimbia kwa mashua yenye injini nzuri, lakini Mwenyezi Mungu watamkimbilia wapi? Mzee mmoja wa hapa Salamabila, aliyekuja na familia yake kutoka vijijini baada ya nyumba kuchomwa, aliposikia hadithi hiyo alikaa kimya, halafu akasema hata mito ya huku ilikuwa na sehemu ambazo mtu hakutupa wavu, na mababu hawakusubiri Mzungu awaambie.

Maneno hayo ya mzee yalimpa mwalimu kazi ya miezi iliyofuata, ingawa siku ile hakujua.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa rahisi: kuwapeleka wanafunzi mtoni. Wachukue kamba, wapime mita 50 za ukingo, waandike kilichopo. Miti gani, majani gani, samaki gani wanaoonekana, maji yana rangi gani. Maji yana rangi, hilo halihitaji utafiti. Mahali watu wanaposafishia mchanga wa dhahabu, mto unashuka mwekundu kama chai ya maziwa. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu haionekani, lakini inaingia kwenye tope, kutoka tope kwenye wadudu, kutoka wadudu kwenye samaki, na kutoka samaki kwenye tumbo la mama mwenye mimba. Kule Minamata, Japani, mwaka wa 1956, ndipo ugonjwa ulipoanza kutambulika kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda, na paka walionekana wakicheza kama wenye wazimu kabla ya watu kuanguka. Mwalimu aliyasema haya darasani. Hakusema watoto wasichimbe. Anajua nani analipa ada yao, na anajua kwamba mshahara wake mwenyewe ukichelewa, duka linalomkopesha linaishi kwa dhahabu.

Wazazi walikataa safari. Hawakukataa kwa ubaya. Mama mmoja wa wakimbizi wa ndani, anayeishi na watoto watano chini ya shitingi nyuma ya nyumba ya jamaa yake, alikuja mpaka kwenye mlango wa shule.

"Mwalimu, pole. Huko mtoni ndiko tulikokimbia. Mtoto wangu asirudi huko kuhesabu majani."

Mwalimu alimjibu, "Ndiyo, mama," na mpango ukafa hapo. Ni vigumu kuona ambavyo angejibu tofauti. Kule Chumbe, mtoto anaogopa mawimbi na mwalimu anamshika mkono. Huku hakuna mkono wa kumshika mtoto na kile mama yule anachokiogopa.

Ndipo akakumbuka maneno ya mzee. Kama wanafunzi hawawezi kwenda mtoni, mto umekwisha kuja Salamabila wenyewe. Umekaa katika viwanja vya watu, chini ya mashitingi na katika vyumba vya kukopeshwa: wavuvi wa Luama, wawindaji, wanawake wanaojua uyoga upi unaua na upi unalika. Wamekaa bila kazi, wakisubiri mgao wa chakula usiokuja kwa wakati, na vichwani mwao kuna orodha ambayo hakuna chuo kikuu kilichonayo.

Si jambo la kubuni kwamba sayansi huanzia kwa watu kama hao. Mwaka wa 2007, kule Opala, kaskazini mwa mkoa wetu, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na John na Terese Hart walikuta tumbili mdogo amefugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Sayansi haikuwa imemjua tumbili huyo. Wawindaji walikuwa wakimjua, na walikuwa na jina lake: lesula. Mwaka wa 2012 alipoandikwa rasmi, jina walilompa wawindaji ndilo lililobaki. Msitu wake, unaogusa Tshopo na Maniema, ulitangazwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Lomami mwaka wa 2016. Jina lilikuwepo kabla ya darubini. Kama wawindaji wangekuwa wamehama wote na wazee wao kufa kambini, jina lingekufa nao.

Kwa hiyo Jumamosi moja wanafunzi wachache walikaa chini ya mwembe nyuma ya shule na yule mzee. Msichana aliyeuliza kama tumbawe linakuliwa ndiye aliyeandika. Mwalimu aliwapa maswali manne tu kwa kila samaki: jina lake, anakaa wapi, anakuja majira gani, na mara ya mwisho mzee alimwona lini. Mzee alianza polepole, kama mtu anayetafuta vitu gizani. Kambale, huyo kila mtu anamjua. Kisha wengine, kwa Kibangubangu, na sauti yake ikabadilika, mikono ikaanza kuonyesha urefu, jinsi samaki anavyojikunja kwenye mzizi, jinsi anavyotoka mvua ya kwanza ikinyesha. Mzee wa pili aliyekuwa anapita alisimama kusikiliza, akasema jina hilo si lake, kwao samaki huyo anaitwa vingine. Walibishana mpaka wakacheka. Msichana aliandika majina yote mawili.

Kurasa mbili zikajaa. Swali la nne ndilo lililokuwa gumu. Mara nyingi jibu lilikuwa: kabla hatujakimbia. Na walikimbia si mara moja, kwa hiyo ilibidi kuuliza: kukimbia kupi? Hivyo, bila kutaka, orodha ya samaki ikawa pia kalenda ya vita. Samaki huyu ni wa kabla ya kukimbia kwa kwanza. Huyu alionekana bado waliporudi. Huyu hawakumkuta tena, lakini wakati ule wachimbaji walikuwa wamekwisha kufika juu ya mto, na nani ajue kama ni tope ama ni kwamba hakukuwa na mtu wa kutupa wavu.

Yule kijana wa dhahabu alikuwepo. Hakusema mengi. Mwishoni aliuliza: "Babu, wale samaki bado wako?"

"Mjukuu wangu, mimi nitajuaje? Nimekaa hapa."

"Mimi ninashukaga huko," kijana akasema, "chini ya pale tunasafishia. Nitaangalia."

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Hakumtuma wala hakumkataza. Alimwambia tu kwamba akiona kitu asikishike kwa mikono iliyotoka kwenye zebaki, na akumbuke tarehe.

Daftari limefungwa katika mfuko wa plastiki kwa sababu paa la ofisi ya prefe linavuja. Jumamosi ijayo anatazamiwa mama mmoja wa uyoga. Amesema atakuja kama siku hiyo haitakuwa ya mgao, na amewaomba wanafunzi wamtafutie mahali pa kukaa, maana miguu inamuuma tangu ile safari ya kutoka kijijini.